Gari-Nyumba la Baba Pacha

Wifi yangu ndiye aliyenitia maneno masikioni. "Mwanamume akinunua nyumba," alisema, "anataka kutulia. Akinunua nyumba yenye magurudumu, wifi yangu, ujue anaondoka." Aliyasema hayo jikoni kwangu akimenya viazi, na kaka yake, yaani mume wangu, ameketi sebuleni hatua sita kutoka hapo, kimya, kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Naomba mnielewe. Mimi si mtu wa wivu, mimi ni mtu wa maswali. Nilifanya kazi masjala ya mahakama miaka ishirini na sita, na faili lisilo na maelezo ya kwa nini limefunguliwa huninyima usingizi. Mume wangu, Baba Pacha, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa anakaa nyumbani siku nne kwa mwezi, tano mwezi ukiwa na baraka. Pacha wetu walizaliwa yeye yuko njiani, wakaota meno yuko njiani, wakahama kwenda kujitegemea yuko njiani. Miezi minane iliyopita akastaafu, akarudi na begi lake moja, na tangu siku hiyo naishi na mtu mpole sana ambaye kwa kweli nilikuwa namjua kwa siku nne tu.

Anauliza kabla ya kufungua friji. Anasema samahani akipita nyuma yangu ukumbini. Akimaliza kula anaosha sahani yake, anaikausha, kisha anaiacha mezani kwa sababu hajui inakaa kabati gani, na haulizi. Mwanzoni nilisema ni adabu. Mwezi wa tatu nikaanza kukereka. Mwezi wa sita nikamwambia, "Baba Pacha, hebu vunja hata kikombe kimoja basi!" Akacheka kidogo, akaomba radhi, sijui ya nini.

Halafu asubuhi moja, katikati ya chai, akaniambia amenunua gari.

"Gari gani?"

"La kulala. Lina jiko, lina kitanda."

"Gari lenye kitanda la nini, na kitanda kipo chumbani?"

Akaizungusha chai kikombeni. "Twende tukalichukue pamoja," akasema. "Tukifika nyumbani utaniambia. Ukisema tubaki nalo, tunabaki nalo. Ukisema hapana, fundi aliyeniuzia ana mteja mwingine analitaka, kesho yake asubuhi nalirudisha."

"Nimekuuliza ni la nini."

"Utaona."

Utaona! Mtu wa masjala unamwambia utaona.

Basi siku ya kwenda kulichukua nilipanda naye basi mapema, nimekunja uso na nimebana mkoba. Lilikuwa moja kati ya mawili. Ama mume wangu alikuwa anatafuta namna ya kuondoka kwa heshima, au kulikuwa na kitu ambacho mimi sikioni. Na kabla ya jua kutua nilitakiwa kutoa jibu. Nitatoaje jibu la swali ambalo sijaulizwa?

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya maduka ya mbao, inanukia gundi na mbao zilizokatwa asubuhi hiyo. Fundi mwenyewe alikuwa mfupi, ana penseli sikioni, na kazi yake ni kuchukua magari ya mizigo yaliyochoka na kuyafanya nyumba. La kwetu zamani lilikuwa likisambaza mikate, na neno mikate bado lilisomeka ubavuni. Lilisimama pale jeupe, refu, lina paa la juu na kidirisha chenye pazia la bluu. Nilikuwa nimejiandaa kulichukia. Mguu ulipokanyaga ngazi yake, udadisi ukanishinda.

Nilifungua kila kilichofunguka. Meza ilikunjwa ikawa ukuta. Kiti kiliinuliwa, chini yake mna sanduku la vyombo. Kulikuwa na sinki la kutosha sahani mbili na bomba linalofanya kazi kwa kukanyaga kitufe sakafuni.

"Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda wapi?" nikamuuliza fundi.

Akanitoa nje, akainama, akanionesha matangi mawili chini ya tumbo la gari. "Hili maji safi, hili maji machafu. Usije ukachanganya, mama."

"La machafu likijaa nitajuaje?"

"Itawaka taa nyekundu."

"Na taa ikiungua?"

Fundi akamgeukia mume wangu. "Mzee, mama ni polisi?"

"Masjala," akajibu Baba Pacha.

"Afadhali polisi."

Nilirudi ndani nikaanza kuhesabu. Vikombe viwili. Ndoano mbili za kutundikia nguo. Mito miwili. Nikaulegeza mkoba niliokuwa nimeubana tangu kwenye basi. Halafu sauti ya wifi yangu ikaja, maana ile sauti haihitaji nauli: wawili, sawa, lakini wa pili ni nani? Nikajicheka mwenyewe, ila kicheko hakikufika mbali.

Kilichonishangaza zaidi ni yeye. Baba Pacha aliingia, akavuta droo bila kuitazama, akatoa kitambaa, akafuta meza, akakirudisha. Akanigusa bega nisogee na hakusema samahani. "Kabati hilo lisukume kwa juu," akaniambia, "ukilisukuma kwa chini linakwama."

"Umejuaje?"

Fundi akadakia. "Atakosaje kujua? Amekuja hapa mara tisa. Hayo makabati nusu yake kayapiga randa mwenyewe."

Mara tisa. Mimi aliniambia anakwenda kuwasalimu madereva wenzake. Nikalitia swali hilo kwenye mkoba pamoja na mengine.

Kabla ya kuondoka aliokota kipande cha mti akazunguka gari, akipiga kila tairi na kuinamisha kichwa.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza upepo."

Nikakichukua kile kipande nami nikapiga. Tairi la kwanza likasema du. La pili likasema du. Nikamwambia yote yanasema du. "Ndiyo maana tunaweza kuondoka," akasema, na mara ya kwanza kwa miezi mingi nikamwona akitabasamu bila kunitazama kwanza kama anaruhusiwa.

Sikujua kwamba kukaa juu hivyo kunakufanya uone nyumba za watu. Kuta zote za barabarani zilikuwa chini yetu. Nilimwona mwanamke anapigana na godoro, anataka kulianika, godoro halitaki. Nilimwona mzee ananyolewa na binti yake, kashika kioo, anatoa maelekezo kwa kidole. Nilimwona mtu amepanda juu ya paa na amesahau alichofuata. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili nikawa nageuza shingo huku na huku, hadi vijiko vilivyokuwa vikilia nyuma sikuvisikia tena.

"Ndivyo ulivyokuwa unaiona dunia?" nikamuuliza.

"Kila siku."

"Na hukunisimulia hata siku moja!"

"Nikipiga simu ulikuwa unaniuliza kama nimekula," akasema. "Nakujibu nimekula."

Hakulisema kwa lawama. Ndiyo maana liliniuma.

Tulikuwa tumekwenda saa mbili hivi, nami nikitafuta pa kuanzia, ndipo nilipomwona anawasha taa ya kukata kona, anapunguza mwendo, anaiacha barabara kuu na kuingia kinjia cha pembeni. Hakusema kitu, nami nikadhani anatafuta choo, nikataka kumkumbusha kwamba tunacho humu humu garini. Ghafla mbele yetu lori, nyuma yetu lori, na sisi katikati na pazia letu la bluu.

"Baba Pacha, hapa wapi?"

Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mungu wangu," akasema. "Nimeingia mizani."

Mizani! Miaka thelathini na mmoja nimelisikia neno hilo. Popote alipotoka, simu yake ya mwisho kabla ya kufika ilikuwa moja: "Nipo mizani." Kwangu ilikuwa na maana kwamba zimebaki saa tatu afike. Nilikuwa nafagia, nabadilisha mashuka, nashusha sahani za wageni kutoka juu ya kabati. Lakini mizani yenyewe sikuwahi kuijua. Kichwani mwangu ilikuwa kama ile ya mwuza nyama, ila kubwa, na malori yananing'inia.

Kumbe ni sakafu ya chuma tu barabarani, na kibanda kidogo chenye dirisha. Malori yote lazima yapimwe pale, na dereva aliyekata kona hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, mikono yake haikuarifiwa kwamba amestaafu. Kurudi nyuma hatukuweza. Foleni ilikuwa imeshatufunga.

Kipaza sauti kikakohoa. "Gari la mikate! We gari la mikate, unapeleka wapi hiyo mikate?"

Baba Pacha akashusha kioo akatoa kichwa. Kipaza sauti kikapasuka kwa kicheko. "Taratibu! Jamani, ni Taratibu! Wewe si ulistaafu?"

Kumbe huko njiani mume wangu alikuwa na jina lake, Taratibu. Malori ya mbele na ya nyuma yakapiga honi. Niliona masikio ya mume wangu yakibadilika rangi. Tukapanda kwenye chuma.

"Mzigo gani?" kikauliza kipaza sauti.

"Mke wangu," akasema Baba Pacha.

"Ana nyaraka?"

Hapo nikainama upande wake nikatoa kichwa nami. "Cheti cha ndoa kipo nyumbani!" nikapaza sauti. Watu wakavunjika mbavu.

"Shemeji, karibu! Kilo elfu tatu mia mbili na arobaini!"

"Na zangu ni ngapi humo?"

"Hiyo ni siri ya serikali, shemeji."

Tukaegesha pembeni, kwani mpimaji, mwenye kile kipaza sauti, hakukubali tupite bila chai. Nikafuatana na mume wangu hadi kwenye kile kibanda, na hapo ndipo nilipoona nilichokiona. Mlango aliusukuma kwa bega. Hakubisha hodi. Alinyoosha mkono juu ya meza akatoa kikombe cha bati kwenye msumari, akakisuuza, akamimina chai kutoka kwenye birika la mwenzake, akavuta kigoda kwa mguu kutoka chini ya meza bila kutazama kama kipo. Upepo ulikuwa unapiga mluzi dirishani. Akakunja karatasi akaipachika kwenye ufa, mluzi ukakoma. Kisha akatia sukari. Kijiko kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Mume wangu anakunywa chai ya kijiko kimoja. Namtilia mimi mwenyewe, miaka yote hiyo, na anamaliza, na anasema asante.

"Kikombe chake hatukukigusa," mpimaji akaniambia. Alikuwa mnene, ana miwani iliyofungwa uzi, na alinitazama kwa furaha kama mtu aliyeletewa picha ya kitu alichosimuliwa mara nyingi. "Huyu bwana hapa ni kwake, shemeji. Sisi wengine ndio wageni."

Nilisema mimi si mtu wa wivu. Nilidanganya. Nilikionea wivu kile kibanda chenye rangi iliyobanduka na kalenda ya mwaka juzi, kuliko ambavyo ningemwonea wivu mwanamke yeyote. Mwanamke ningemshinda. Kibanda nitakishindaje? Mtu huyu alijua kukaa. Alikaa kwa mgongo wote, miguu kaitupa, anacheka kwa tumbo. Kwa nini kwangu anakaa kwenye ukingo?

Tuliporudi barabarani sikuweza kutazama tena ndani ya nyua za watu.

"Vijiko vitatu," nikasema.

Akafikiri kwanza. "Pale ndivyo nilivyozoea."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani unajua wewe."

"Mimi najua nini? Nimekuuliza lini? Umeniambia lini?"

"Mama Pacha, chai yako ni nzuri."

"Sikuulizi uzuri!" Nilipandisha sauti hadi nikajishtukia. Yeye akapunguza mwendo kidogo, akashika usukani vizuri, na ikawa basi. Njia yote iliyobaki tulikwenda hivyo. Nilitaka kumwuliza moja kwa moja, unaondoka? Kila nikifungua mdomo naogopa atajibu, kwa sababu huyu mtu hajui kusema uongo, anajua kunyamaza tu.

Tulifika mtaani kwetu saa kumi na moja jioni na dakika kadhaa. Akasimamisha gari mbele ya geti, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani. Nikangoja ashuke afungue. Hakushuka. Nami sikushuka, nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hafungui geti. Jirani wa mbele akatoka kuja kutazama gari, akaona nyuso zetu, akakumbuka ana kazi ndani.

"Fungua geti basi," nikasema.

"Nakusubiri wewe."

"Miguu yangu imevimba. Fungua."

"Mama Pacha," akasema, "sina ufunguo."

"Umeuacha wapi?"

"Sijawahi kuwa nao."

Nikataka kumwambia asinitanie. Kisha nikaanza kuhesabu, kama nilivyohesabu vikombe. Enzi za lori alikuwa anapiga honi, mimi natoka mbio nafungua. Alipostaafu sikubadilisha kitu. Funguo zote, za geti na za mlango, zilikuwa mkobani mwangu, kishada kimoja, na mkoba huo naulaza jirani na kitanda. Ni mara ngapi nimerudi sokoni nikamkuta ameketi kwenye ukuta mfupi nje ya geti, mikono magotini? Nilikuwa nawaambia majirani, dereva hapendi kuta, amezoea upepo. Wao wanatikisa vichwa kukubali. Alikuwa amefungiwa nje.

Hasira ndiyo iliyotangulia, ndivyo nilivyoumbwa. "Miezi minane! Mdomo huna? Unashindwa kusema, mke wangu, nipe ufunguo?"

"Ufunguo wa nyumba yako huombi," akasema taratibu. "Ukiomba, si yako."

Nikautazama mkoba magotini mwangu.

"Si kosa lako," akaendelea, akilitazama geti. "Nyumba hii umeishika mwenyewe. Kila kitu kina mahali pake na wewe unapajua. Mimi nikifungua kabati nahisi napekua. Nikaona nitafute kijumba kidogo, chenye mlango ninaoujua. Niufungue mimi. Halafu nikukaribishe wewe, uone na mimi nina kwangu." Akapitisha kidole kwenye usukani. "Ni hilo tu. Hukulipenda, si neno."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wangu nimemtandikia mashuka mapya na kumshushia sahani za wageni miaka thelathini na mmoja, nikidhani ndiyo mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Lakini nilisikia aibu iliyonishuka hadi kwenye hiyo miguu iliyovimba.

"Geuza gari," nikasema.

Akanitazama. Uso wake ukashuka polepole, bila ubishi, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. "Sawa," akasema. "Ila fundi atakuwa ameshafunga. Ningelirudisha asubuhi, kama tulivyopatana."

"Fundi gani? Nani amekwambia fundi wa mbao? Geuza gari, yule wa funguo anafunga saa kumi na mbili!"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye gia. Ukabaki hapo. Akapiga chafya ambayo sidhani ilikuwa chafya. Kisha akaligeuza lile gari refu kwenye kile kimtaa chetu chembamba, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, watoto wa jirani wakipiga kelele, wala hakugusa ukuta wa mtu.

Safari yetu ya kwanza tangu niamue kwamba gari-nyumba linabaki ilikuwa ya mitaa mitatu. Fundi wa funguo alikuwa anaingiza meza yake ndani. Nilimwita kwa sauti iliyomrudisha nje. Nikatoa kishada changu, nikamwambia achonge kila ufunguo uliomo, hata wa stoo, hata wa kasha la zamani ambalo ndani yake hamna kitu. Baba Pacha alisimama pembeni akitazama cheche kwa makini mno, kama mtu anayetaka kujifunza kazi hiyo. Alipokabidhiwa funguo zake, zilikuwa bado za moto. Alizishika hivyo hivyo.

Tuliporudi mbele ya geti, akashuka yeye. Nami nikabaki kitini, mkoba magotini. Akatia ufunguo kwenye kufuli akazungusha, haukukubali. Akautoa, akaupuliza, akajaribu tena, wapi. Lile kufuli letu lina ukaidi wake, linataka ulinyanyue kidogo ndipo uzungushe, na mimi nalijua kama ninavyojua jina langu. Mdomo uliniwasha. Nikajiuma ulimi, nikatazama pazia la bluu, nikamwacha atafute mwenyewe.